LUKU, maji, kodi na bima: mwongozo kwa wawili mnaoanza kupanga nyumba Dar es Salaam

Kibandani kwangu Tabata swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. "Anti, LUKU ya elfu kumi mbona uniti chache hivi?" "Anti, mume wangu anakatwa bima ya afya kazini, na mimi naingia?" "Anti, mwenye nyumba anasema deni la maji ni letu, na sisi tumehamia juzi." Waulizaji nao ni walewale: vijana wawili, chumba na sebule, kodi ya miezi sita imelipwa kwa tabu, na sasa bili zinawaingilia moja moja bila hodi. Mimi ni wakala wa fedha za simu na nakata bima ndogo za vyombo vya moto, kwa hiyo yote haya yanapita dirishani kwangu. Nimechoka kujibu vipande vipande huku foleni inanuna, ndiyo maana nimeyaandika.

Mwezi uliopita dada mmoja alinipigia saa tano usiku. Yuko gizani, mtoto analia kwa joto. Mumewe alinunua LUKU saa kumi jioni, token iko kwenye simu ya mumewe, mumewe yuko zamu ya usiku na simu imezima chaji. Yeye mwenyewe hana hata mia kwenye laini. Pesa ilikuwepo, umeme ulishalipiwa, na bado walilala gizani. Shida nyingi za bili ninazoziona ni za namna hiyo.

Kabla ya kuanza, wekeni hivi mezani

- Vitambulisho vya NIDA vya wote wawili, na cheti cha ndoa kama mnacho.
- Mkataba wa nyumba na risiti ya kodi mliyolipa. Kama mlilipa mkononi bila karatasi, rudini kwa mwenye nyumba kwa heshima mkaiombe, hata iwe ya kuandika kwa kalamu.
- Namba ya mita ya LUKU na namba ya akaunti ya maji.
- Daftari moja. Usiseme utaandika kwenye simu. Simu ina mwenyewe, daftari ni la nyumba.
- Orodha ya madeni ya kila mmoja, pamoja na ile mikopo ya simu ya elfu ishirini ishirini ambayo watu huona aibu kuitaja.
- Jumapili moja jioni, saa mbili hivi, TV imezimwa na wifi hayupo.

Kila mmoja ataje kiasi kinachomfikia mkononi, siyo mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. Ukificha laki moja leo, hesabu yote inayofuata itakuwa na tundu la laki moja.

Hatua ya 1: Someni mita kabla hamjashusha godoro

Siku ya kuhamia, kabla ya kitu chochote, piga picha mita ya umeme na mita ya maji. Picha ionyeshe namba ya mita na usomaji. Itume kwa mwenye nyumba au dalali siku hiyohiyo, na maneno mafupi: "Shikamoo baba, leo tarehe fulani tumeingia, mita ya maji inasoma hivi." Meseji hiyo ndiyo ushahidi wenu.

Kwenye mita nyingi za maji, tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili na nyekundu ni vipande vya uniti. Uniti moja ni lita 1,000. Muulize mwenye nyumba akuonyeshe bili ya mwisho. Deni la maji hukaa kwenye akaunti ya nyumba, na DAWASA wakija kukata hawaulizi nani aliyaoga.

Kosa la kawaida: mnahamia kwa furaha, mnakumbuka mita baada ya wiki tatu, bili inakuja ya laki na nusu. Hapo hata mkiapa, hamna cha kuonyesha.

Hatua ya 2: Gawanyeni bili kwa makundi matatu

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kundi la kwanza ni zinazokuja kwa mkupuo: kodi ya nyumba, bima, ada ya shule kama kuna mtoto. La pili ni za kila mwezi: maji, kifurushi cha king'amuzi, taka, ulinzi shirikishi, marejesho ya mkopo, mchango wa kikoba. La tatu ni zinazoisha bila tarehe: LUKU, gesi, bando, maji ya kunywa.

Kundi la tatu ndilo linalowapiga chenga watu, kwa kuwa mtungi wa gesi hauna siku ya kuisha. Dawa yake ni kuandika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya maka ubavuni mwa mtungi. Ukifanya hivyo mara tatu utajua mtungi wenu wa kilo 6 unachukua siku ngapi, na kuanzia hapo gesi inahamia kundi la pili.

Hatua ya 3: Kodi ya miezi sita igeuzeni iwe ya kila wiki

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapoona watu wanalia. Tuseme nyumba ni 200,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Siku ya kuingia mlitoa 1,200,000, na dalali akachukua yake ya mwezi mmoja, 200,000. Miezi mitano inapita mkijiona mnaishi bure. Mwezi wa sita mnaanza kukopa kwa shemeji.

Fanyeni hivi: kuanzia wiki ya kwanza baada ya kuhamia, wekeni 50,000 kila wiki. Kwa wiki 24 mtakuwa na 1,200,000. Miezi sita ina wiki 26, kwa hiyo mna wiki mbili za akiba, moja ya ugonjwa na moja ya msiba. Kama mmoja wenu ni wa kipato cha kila siku, bodaboda au mama lishe, aweke kila jioni 7,000 au 8,000 kabla hajanunua mboga.

Pesa hiyo ikae mahali ambapo kuitoa kunasumbua: akaunti ya benki isiyo na kadi, au akiba ya simu ya kufungia kwa muda. Isikae kwenye laini ya mmoja mnayonunulia bando. Kibubu cha bati nacho kinafaa kwa wenye nidhamu. Mimi nilishawahi kukipasua kwa ajili ya kitenge cha sare ya harusi, kwa hiyo sikipigii debe.

Mchezo wa kupeana ni mzuri ikiwa zamu yenu inaangukia mwezi wa kodi. Ombeni zamu hiyo tangu mwanzo na ithibitishwe na kijumbe mbele ya wenzenu. Kupokea mwezi wa pili pesa ya kulipia mwezi wa sita ni kujitega.

Mwezi mmoja kabla kodi haijaisha, zungumzeni na mwenye nyumba. Kama anataka kupandisha, mtasikia mapema, mkiwa bado na muda wa kutafuta kwingine.

Hatua ya 4: Ijueni LUKU yenu

Kwanza, fahamuni mko kwenye tarifa gani. Watumiaji wa majumbani walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inakuwa 122. Walio kwenye T1, tarifa ya matumizi ya kawaida, wanalipa 292 kwa uniti, ambayo na makato hayo inafika kama 356. Bei hizi zimetokana na agizo la EWURA la 2016. Tofauti yake ni hii: uniti 75 kwa D1 ni 9,150, uniti zilezile kwa T1 zinakaribia 26,700.

Wawili wenye taa, TV, feni na friji ndogo wanaweza kukaa chini ya uniti 75. Kama mita ni yenu peke yenu na mko T1, nendeni ofisi ya TANESCO ya eneo lenu mkaulize kuhamishwa. Wataangalia matumizi ya miezi iliyopita. Mkiwa D1 nanyi mkapitiliza 75, kila uniti ya ziada inauzwa ghali kuliko hata ya T1, kwa hiyo msijisahau na pasi.

Pili, kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ndiyo maana ununuzi wa kwanza wa mwezi unatoa uniti chache: kwenye T1, elfu kumi inabaki 8,500, na uniti ni kama 24 badala ya 28. Sijakuibia. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, kwa hiyo andikeni kila inapokatwa mkae nayo mpaka siku ya kulipa kodi ya nyumba, mumwombe airudishe.

Tatu, jueni kinachokula. Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Feni ya wati 60 usiku mzima wa saa nane haifiki hata nusu uniti, kwa hiyo acheni kugombana juu ya feni. Jiko la umeme la wati 1,500 kwa saa mbili za maharage ni uniti tatu, zaidi ya shilingi elfu moja kwa T1, kwa chungu kimoja. Pigeni pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Kama mnachangia mita na wapangaji wengine, kubalianeni kwa vifaa, siyo kwa vichwa. Mwenye friji na mwenye taa moja hawawezi kutoa sawa. Andikeni mgao ubandikwe karibu na mita. Ugomvi wa LUKU ya kuchangia umevunja ujirani mwingi kuliko muziki wa usiku, na mwisho wake huwa mtu anafunga mita ndogo yake kwa fundi na kila mtu anapumua.

Hatua ya 5: Kila bili iwe na jina moja na tarehe moja

Msigawane kila bili nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu ina maana kila bili ina watu wawili wa kusahau. Wekeni hivi: LUKU ni ya mama, king'amuzi na intaneti ni ya baba, maji ni ya baba tarehe 5, taka na ulinzi ni ya mama tarehe 7. Kama kipato hakilingani, mwenye kingi abebe bili nyingi, lakini kila mmoja abebe angalau mbili ili asije akasahau bei ya vitu.

Sheria ndogo tatu zinazookoa:

1. Ukinunua LUKU, tuma token kwa mwenzako hapohapo, kisha uiandike kwenye daftari. Yule dada wa saa tano usiku sasa anafanya hivi.
2. Uniti zikifika 10 mnanunua. Msisubiri mita ianze kulia.
3. Aliyelipa anaandika tarehe, kiasi na namba ya muamala. "Nilishalipa" bila namba haihesabiki.

Makato ya kutuma na kutoa pesa nayo ni bili. Mama anamtumia baba, baba anatoa kwa wakala, analeta mkononi kwangu, anarudisha kwenye simu alipe maji. Mimi napata kamisheni yangu, asanteni sana, lakini mlipe moja kwa moja kutoka kwenye laini ya mwenye bili.

Hatua ya 6: Maji, taka na vidogo vidogo

Bili ya maji huja kwa meseji ikiwa na kumbukumbu namba ya malipo. Hakikisheni meseji inaingia kwenye simu yenu. Mara nyingi namba iliyosajiliwa ni ya mwenye nyumba aliyeko Moshi, na bili mnaijua siku maji yamekatwa.

Kama bomba halitoki na mnanunua madumu, fanyeni hesabu. Uniti moja ni madumu 50 ya lita 20. Dumu la shilingi 200 maana yake uniti moja mmeinunua 10,000. Pipa au tangi dogo la kukinga siku ya mgao linajilipa haraka.

Ushuru wa taka na mchango wa ulinzi daini stakabadhi. Gari la kunyonya choo siyo la kila mwezi, lakini likija ni pesa nzito na inadaiwa siku hiyohiyo. Ulizeni kabla ya kusaini mkataba: anayelipa ni mwenye nyumba au wapangaji?

Hatua ya 7: Bima ya afya kwanza, nyingine baadaye

Kama mmoja wenu ameajiriwa na anachangia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwenza anaingia kwenye uanachama wake pamoja na wategemezi wengine kulingana na utaratibu wa Mfuko. Haingii mwenyewe, lazima aandikishwe. Peleka nakala ya cheti cha ndoa, NIDA na picha kwa ofisa rasilimali watu, kisha fuatilia mpaka kadi isome. Nimeona mtu amekatwa mshahara miaka miwili, mkewe analipa taslimu zahanati, kwa sababu fomu ilikwama kwenye droo.

Mnaokaa pamoja bila cheti, hapa ndipo mnapokwama, na mimi sina dawa nyingine zaidi ya kuwaambia kila mmoja atafute bima yake. Mtoto akizaliwa, cheti chake cha kuzaliwa kishughulikiwe mapema, maana kitahitajika kumwandikisha.

Wote wawili mkiwa wachangiaji, kaeni mgawane wategemezi: mmoja aandikishe watoto, mwingine aulize kuhusu wazazi.

Msio na ajira rasmi, mna njia mbili: mpango wa serikali au kampuni binafsi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na vifurushi vimekuwa vikibadilika, kwa hiyo msiende na bei mliyosikia kwa jirani mwaka juzi. Ulizeni ofisi ya NHIF au serikali ya mtaa bei ya wiki hiyo.

Kwa bima yoyote, ulizeni maswali haya kabla ya kutoa shilingi:

- Hospitali gani za karibu na sisi zinapokea kadi hii? Siyo Dar yote, za kutembea kwa miguu.
- Inalipia kutibiwa na kurudi, au kulazwa tu?
- Kikomo cha mwaka ni kiasi gani, na uzazi una kikomo chake?
- Tutasubiri muda gani kabla uzazi haujaanza kulipiwa?
- Kisukari, presha au ugonjwa tulionao tayari, inakuwaje?

Swali la uzazi ndilo kubwa kwa vijana. Bima nyingi za kampuni binafsi zina kipindi cha kungoja, na kingine hufika mwaka. Mkikata bima mimba ikiwa ya miezi mitatu, mtajifungulia mfukoni. Na msifiche ugonjwa kwenye fomu. Kuficha kunawapa sababu ya kukataa siku mnapowahitaji.

Hatua ya 8: Bima ya pikipiki au gari

Bima ndogo ni lazima kisheria. Kwa gari dogo la binafsi ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Inawalipa wengine mliowagonga au kuwaharibia mali. Chombo chenu kikiibiwa au kikipinduka, haihusiki. Bima kubwa ndiyo inayolinda chombo chenyewe, na huhesabiwa kwa asilimia ya thamani yake.

Ukishalipa, usiondoke. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, mtandaoni, weka namba ya usajili, uone bima yako imetokea na tarehe ziko sawa. Haimalizi dakika moja. Wakala anayekuambia "itasoma kesho" mwambie na pesa utampa kesho.

Pikipiki inayobeba abiria ikatiwe bima ya biashara. Kuikatia ya binafsi kwa kuwa ni nafuu ni kununua karatasi.

Hatua ya 9: Vitu vya ndani

Nyumba ikiungua, bima ya mwenye nyumba, kama anayo, inajenga kuta zake. Friji, kitanda na cherehani ni juu yenu. Kampuni nyingi zina bima ya vifaa vya nyumbani, na siku hizi hata benki zinaiuza. Je, mnaihitaji? Kama mali yenu ni godoro na jiko la gesi, bado. Wekeni pesa hiyo kwenye akiba. Kama mna friji, TV, kompyuta na mashine ya biashara ndani, ulizieni bei.

Thamani isemeni ya kweli. Mkiwa na vitu vya milioni 6 mkakatia milioni 3 ili kupunguza ada, mmekatia nusu, na fidia huwa nusu pia: mkiibiwa vya 1,600,000 mtahesabiwa 800,000, kisha wanakata sehemu mnayotakiwa kubeba wenyewe.

Someni pia masharti ya wizi. Bima nyingi zinataka dalili za kuvunja, mlango au dirisha. Mgeni aliyekaribishwa chai akaondoka na simu halipiwi. Kifaa kilichoungua kwa umeme kurudi kwa nguvu nacho mara nyingi kiko nje, kwa hiyo stabilaiza ya friji nunueni hata kama mna bima.

Msiba msiusahau. Kikundi cha kuzikana cha mtaani au cha kwenu nyumbani kina kazi yake, na mchango wake uingie kwenye daftari kama bili nyingine.

Hatua ya 10: Bahasha moja

Mkataba, risiti, nakala za kadi za bima, picha za vitu vya thamani na namba zake za kiwandani, vyote kwenye bahasha moja ya plastiki. Wote wawili mjue ilipo. Picha zake ziwe kwenye simu zote mbili.

Mambo yakikwama

*Nimelipia LUKU, token haijaja.* Usinunue tena. Angalia kama pesa imekatwa, subiri kidogo, kisha iombe upya kupitia menyu ya mtandao wako au wahudumu wake kwa namba ya muamala. Wengi wanaonijia wamenunua mara mbili, kisha zote mbili zinaingia usiku.

*Mita inakataa token.* Linganisha namba ya mita kwenye meseji na iliyo ukutani. Tarakimu moja ikikosewa umemnunulia mwingine. Kama ni sawa, na nyumba ilikaa tupu muda mrefu, huenda mita haikuboreshwa kwenye zoezi lililofikia mwisho Novemba 2024. Mita kama hiyo hupewa namba tatu za tarakimu 20. Ziingizeni kwa mpangilio mliopewa, ya umeme ikiwa ya mwisho. Zikigoma, nendeni TANESCO.

*Uniti zimekuja chache mno, siyo kwa 1,500 tu.* Kama nyumba haikununua umeme kwa miezi kadhaa, kodi ya jengo ya miezi hiyo inakatwa kwa pamoja. Soma mchanganuo kwenye meseji, kisha umwonyeshe mwenye nyumba.

*Bili ya maji imeruka.* Fungeni bomba zote, mtazame mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja; anzeni na tangi la choo. Kisipozunguka, linganisheni usomaji ulio kwenye bili na ulio kwenye mita leo. Bili ikisoma juu kuliko mita, nendeni na picha.

*Hospitali inasema kadi haisomi.* Mpigie ofisa wa kazini ukiwa bado pale dirishani. Mara nyingi mwajiri hajapeleka michango. Mkilazimika kulipa, chukueni risiti yenye mchanganuo.

*Kampuni ya bima inazungusha fidia.* Dai mliwasilishe kwa maandishi, mkiwa na ripoti ya polisi kama ni wizi, na ombeni jibu la maandishi. Likiwa la kukataa na hamridhiki, nendeni TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Simu za "njoo Jumatatu" hazina ushahidi.

*Mmoja amepoteza kazi.* Siku hiyohiyo fungueni daftari. Kwanza toeni king'amuzi, kisha bando kubwa, kisha punguzeni zamu za mchezo kwa kuzungumza na kijumbe, msitoroke. Kodi na bima ya afya ziguswe mwisho. Kama bima ilikuwa ya kazini, ulizeni inaishia lini, ili aliye na dawa za kila mwezi achukue kabla haijafungwa.

*Mwenye nyumba hataki kurudisha kodi ya jengo.* Kwa miezi sita ni 9,000. Mwonyesheni meseji kwa upole, mkiwa mmeshika kodi ya miezi sita ijayo mkononi. Hapo ndipo huwa na masikio. Akikataa, pimeni wenyewe kama 9,000 inafaa kununiana na mtu mnayechota maji bomba moja. Mimi ya kwangu nilidai mara moja, nikapewa mkungu wa ndizi.